Moto Ulipotoka Nyumbani

Mjukuu wangu alianza kukohoa akiwa na miaka minne. Mchana alikuwa mzima kabisa, anakimbizana na mbuzi. Ikifika saa saba, saa nane za usiku, kikohozi kinamwamsha: kikavu, cha kumkunja mwili, na kifuani unasikia kimluzi kila akivuta pumzi. Tulimpeleka kutibiwa mara nne. Alipewa dawa za kuua vijidudu, akapewa za minyoo, na safari moja tukaambiwa ni baridi ya mlima tu, mtoto avishwe sweta. Kilichonitia shaka ni kwamba akienda kwa shangazi yake Babati alilala usiku kucha. Akirudi kwetu Mogitu, siku ya tatu kikohozi nacho kimerudi.

Siku moja ya mwezi wa saba mama yake alivuta kitanda aokote kiatu kilichoangukia nyuma. Akaniita. Kitanda kilikuwa kimesukumwa hadi kikagusa ukuta, na ubavuni pake tulikuwa tumepanga magunia sita ya mahindi. Ukuta ulikuwa mweusi. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti langu ulikuwa umeota ukungu uliokolea, kama mtu amepuliza vumbi la mkaa kwenye rangi mbichi. Juu ya hapo vilitawanyika vidoadoa, vingine vya kijani, vingine vya kijivu chenye vinyweleo ukiinama karibu. Ukingo wa godoro ulikuwa na madoa yale yale. Nilibonyeza plasta kwa kidole gumba, ikaachia, ikabaki mkononi laini na baridi kama ugali usioiva. Harufu ilikuwa ile ya gunia lililosahaulika.

Ukuta huo niliujenga mimi mwenyewe, mwaka 2011. Mimi ni fundi muashi. Nimejenga Mogitu, Nangwa, Endasak na Katesh tangu nikiwa kijana, na tangu siku ile ya kiatu nimekuwa nikizipitia kichwani nyumba zangu moja baada ya nyingine, chumba kwa chumba, nikijiuliza nyuma ya vitanda kuna nini.

Kiswahili kimetupa neno moja, ukungu, kwa kile kinachoteremka kutoka Mlima Hanang asubuhi za mwezi wa sita na kwa kile kinachoota ukutani. Wengine hukiita kuvu, wataalamu wanasema fangasi. Mimi neno la kwanza linanitosha, kwa sababu hapa kwetu ukungu wa mlimani ndio mama wa ukungu wa ukutani. Mlima huo una mita 3,417, umesimama peke yake kwenye nchi iliyo wazi, na wingu lolote linalopita linajikunja hapo. Tunavuna mahindi wakati wa baridi, jua likichelewa kutoka na kuwahi kupotea. Babu zetu waliishi na baridi hiyo hiyo. Walichokuwa nacho ni moto ndani ya nyumba.

Nilizaliwa 1959 ndani ya tembe. Sisi Wairaqw tulikuja na ujenzi huo kutoka nyanda za juu za Mbulu, ambako wazee walichimba ubavu wa kilima wakaizamisha nyumba nusu ardhini, paa likafuatana na mteremko, ili wavamizi wa Kimaasai waliokuja kutwaa ng'ombe wapite bila kuiona. Watu waliposhuka kusini karne iliyopita kutafuta mashamba na malisho, wakawa majirani wa Wabarabaig huku Hanang, nyumba ilipanda juu ya ardhi lakini paa likabaki bapa. Nguzo nene zilibeba boriti, juu ya boriti zikapangwa fito, juu ya fito majani, na juu ya majani udongo wa kushindiliwa. Ukuta ulikuwa wa miti iliyokandikwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Ndama na mbuzi walilala upande mmoja, sisi upande wa pili, na katikati kulikuwa na mafiga matatu ambayo sikuwahi kuyakuta ya baridi. Usiku mama alifukia makaa kwenye majivu. Alfajiri aliyafukua, akaweka kuni, akapuliza.

Juu ya mafiga ndiko kulikokuwa na kitu ninachotaka kukieleza vizuri. Palikuwa na dari ya fito, nyeusi tii kwa masizi, inayong'aa kama imepakwa mafuta. Mahindi yalikaa hapo yakiwa bado kwenye maganda, yamepangwa kama kuni. Mama alipanda kwa gogo lililochongwa vidato. Akishuka na hindi alimenya, akalivunja katikati kwa mikono miwili, na sisi watoto tulisikiliza. Likitoa mlio mkavu, linapukuchuliwa. Likipinda kwanza ndipo livunjike, linarudi juu. Lenye nyuzi nyeupe katikati ya mistari ya punje, au punje zenye wekundu hafifu, alilitupa motoni. Hakumpa hata kuku. Nilimuuliza sababu mara moja tu, akaniambia hindi la namna hiyo limeshaliwa na kitu kingine.

Nimejifunza baadaye, kwa kazi yangu na kwa kusikiliza maofisa ugani, moto ule ulikuwa ukifanya nini. Kuvu haihitaji mengi. Inataka unyevu, inataka kitu cha kula, na chakula chake kinaweza kuwa punje, ubao, karatasi, hata rangi ya ukutani. Mbegu zake zimo hewani siku zote, hakuna nyumba isiyokuwa nazo. Zinachosubiri ni maji. Joto la mafiga lilikuwa likikausha punje polepole kwa miezi, likikausha ukuta kwa upande wa ndani, na moshi ukifukuza wadudu wanaotoboa punje na kuifungulia kuvu mlango. Ukuta wa udongo nao ulikuwa unavuta unyevu usiku na kuutoa mchana. Hakuna aliyekaa akayapanga haya. Yalikuja pamoja na maisha ya kulala karibu na moto.

Sitaki kuisifia tembe kupita kiasi. Moshi ulikuwa unawaua watoto, na tulikuwa hatujui. Leo inajulikana wazi kwamba moshi wa kuni ndani ya nyumba unawaletea watoto wadogo nimonia, na akina mama wanazeeka na vifua vilivyoziba bila kuvuta sigara hata siku moja. Macho ya bibi yangu yalikuwa mekundu hadi anaingia kaburini. Nyufa za sakafu zilikuwa na papasi, na papasi wana homa yao inayokupanda, ikakuacha siku chache, kisha ikakurudia. Mvua kubwa ikinyesha, baba alipanda juu na jembe kuziba palipozama, na miti ya kubeba paa zito namna ile ilikuwa ikipatikana mbali zaidi kila mwaka. Tembe ilikuwa imeshaanza kuisha kabla mtu yeyote hajaamrisha.

Amri ilikuja. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni lazima, na nchi nzima iwe imekwisha kuhamia ifikapo mwisho wa 1976. Mwaka huo huo redioni kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwa vikundi chini ya miti wakisikiliza kipindi, kisha wanaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Nilikuwa na miaka kumi na minne na niliyapenda maneno yale. Sisi tulihamishwa 1975. Tuliiacha tembe mahindi yakiwa darini, tukapewa kiwanja kwenye mstari, na nyumba mpya ilibidi iwe na paa la mgongo, madirisha, na jiko la kando. Ng'ombe walitoka ndani, moto ukatoka ndani. Kwa mambo mawili hayo hadi leo ninashukuru. Lakini mahindi yalibaki bila mahali pa kwenda. Kwa miaka kadhaa mama aliyapanga kwenye kichanja jikoni, chini ya kijipaa cha nyasi, na baadhi yake yalikauka, baadhi hayakukauka.

Halafu akaja dumuzi. Mdudu huyo aligundulika kwanza upande wa Tabora, kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa ile ya 1980, akitokea Amerika ya Kati, na watu walimwita Skania, jina la lori. Alipenda zaidi hindi lililo kwenye gunzi lake, na fito za kichanja alizitoboa pia. Wataalamu wakatushauri tupukuchue mapema, tuchanganye punje na dawa ya unga, tutie kwenye magunia. Ulikuwa ushauri mzuri na uliokoa chakula kingi. Ila ulibadilisha kitu ambacho nadhani hakuna aliyekiangalia wakati ule. Hindi lililokuwa linakauka miezi mitatu kwenye gunzi, hewa ikipita, sasa lilifungwa ndani ya gunia baada ya wiki mbili za jua la mashaka. Na gunia ni mali, jikoni linaibwa. Likaingia chumba cha kulala.

Ndipo ninapoingia mimi. Nilianza kushika mwiko 1979, na kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu imekuwa kuwapa watu nyumba walizoziota: tofali za kuchoma, plasta, sakafu ya saruji, bati. Barabara kuu ya Babati hadi Singida ilipowekwa lami, malori ya saruji na bati yakawa yanashusha mlangoni, na kila aliyeuza mbaazi vizuri alitaka kuezeka. Nilijenga haraka. Na haya ndiyo niliyokuwa nikiyafanya, nayasema kwa sababu mafundi vijana bado wanayafanya.

Tofali la kuchoma linanyonya maji. Liweke ncha yake kwenye beseni uone maji yanavyopanda. Msingi ukiwa umekaa kwenye udongo uliolowa, na kati ya msingi na ukuta hakuna karatasi ya nailoni wala tabaka la kuzuia, maji yanapanda kozi kwa kozi hadi magotini. Zamani yangetokea kwenye udongo wa ukuta yakakauka. Sisi tukaukandika ukuta plasta ngumu ya saruji ndani na nje, tukapaka rangi ya mafuta isiyopitisha kitu, na maji yakakosa pa kutokea isipokuwa kwenye nyufa ndogo nyuma ya kitanda. Nyumba za udongo tulizozipiga plasta kwa juu zilikuwa mbaya zaidi: ukuta ulikuwa unaoza ndani kimya kimya, nje unapendeza.

Bati nalo. Watu watano wakilala chumbani na madirisha yamefungwa, pumzi zao zinapanda zikiwa na maji. Usiku wa Hanang bati ni la baridi kama upanga. Pumzi ikiligusa inageuka matone. Tunasema bati linatoka jasho. Nimewahi kulala kwenye nyumba niliyoiezeka mimi nikaamka alfajiri kwa tone lililonipiga usoni, nje kavu kabisa. Na chini ya bati hilo, magunia. Dawa yake ni rahisi: matundu ya hewa mawili juu ya lenta, yanayotazamana. Nilikuwa nayaacha kila nyumba, mpaka wateja walipoanza kuniambia yanaingiza baridi na popo, niyazibe. Nikayaziba. Ya nyumba yangu pia.

Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilitakiwa zinifundishe. Baada yake niliitwa nyumba nyingi kupaka rangi upya, nikasugua weusi kwa brashi, nikapaka juu yake, nikalipwa. Niliona vumbi lile likiruka nikakohoa nalo, wala sikuuliza ni nini. Kwa wenye pumu, vumbi hilo ni kama kuni kwenye moto. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na ukungu majumbani mwaka 2009, na ndani yake imeelezwa kwamba wanaoishi kwenye nyumba za namna hiyo wanakohoa zaidi, wanabanwa na kifua zaidi, na wanapata pumu zaidi. Aliyewahi kuugua kifua kikuu akabaki na shimo kwenye pafu, kuvu inaweza kuota humo ndani.

Hilo ni la kifua. La tumboni ndilo linaloninyima usingizi.

Mwaka 2016, kati ya mwezi wa sita na wa kumi na moja, watu waliugua Dodoma na Manyara, mkoa wetu huu. Walianza na maumivu ya tumbo na kutapika, macho yakageuka njano, matumbo yakajaa maji. Ilikuwa Chemba, Kondoa, na Kiteto. Wagonjwa 68 walihesabiwa, 20 wakafa, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu, tunayoiita sumukuvu. Wakenya walikuwa wameyaona makubwa zaidi mwaka 2004, huko Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125. Sumu hii ilipata jina baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga. Wanasayansi walitumia akili nyingi kufika pale mama alipokuwa amefika na hindi lake la motoni, kwamba hata kuku asipewe.

Ubaya wa sumukuvu ni kwamba kuipika hakuiondoi. Ugali unachemka, sumu inabaki. Na kwa kawaida haiui kwa wiki moja kama Kiteto. Inaingia kidogo kidogo, miaka mingi, mpaka ini. Barabara ya kwenda Haydom inaanzia hapa kwetu Mogitu, na mwisho wake ni hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, ambayo wengi wetu tunaenda mambo yakituzidi. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa miaka miwili hadi mitatu wa vijiji vya kuizunguka, ukachapishwa 2018, ulikuta wengi wao wana alama za sumukuvu katika damu. Wengi pia walikuwa na fumonisini, sumu ya kuvu nyingine ya mahindi, katika mkojo, na waliokuwa nayo zaidi walikuwa na uzito mdogo kwa umri wao. Hao ni watoto wa uji wa dona, wa familia kama yangu.

Mjukuu wangu naye, baada ya sisi kuuona ukuta ule, tulimpatia daktari mmoja kijana. Alimsikiliza mtoto kifua, mbele na nyuma, kisha akanigeukia. "Mzee, huyu analala wapi?" Nikamweleza chumba. Nilipofika kwenye magunia na ukuta aliinua mkono nisiendelee. Akaandika pumu, akampa dawa ya kuvuta, akaniambia dawa itasaidia lakini chumba ni juu yangu.

Nilianza kazi siku iliyofuata. Mtoto tulimhamishia chumbani kwa mama yake. Nilijifunga kitambaa puani, nikalowesha ukuta kwanza ili vumbi lisiruke, nikachonga plasta yote kwa patasi hadi nusu mita juu ya weusi. Tofali za ndani zilikuwa na unyevu wa kuonekana kwa macho. Godoro nililichoma. Nje nilichimba mtaro kuzunguka nyumba, nikajaza kokoto, nikafunga gata maana maji ya paa yalikuwa yanamwagika miaka yote pale pale mguuni pa ukuta. Ukuta ulikaa uchi miezi miwili, jirani wakidhani nimeishiwa hela. Ulipokauka nikapiga lipu ya chokaa na mchanga, saruji kidogo sana, ili upumue. Nikayazibua matundu.

Nilikuwa bado sijamaliza vyumba vingine mlima ulipoporomoka. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliteremka Katesh na vijiji vya jirani, watu 89 wakafa. Nilienda na koleo kama wenzangu. Tulipokwisha kuzika, kazi ikawa kutoa tope ndani ya nyumba zilizobaki zimesimama. Alama ya tope ukutani ilifika usawa wa kifua changu. Watu waliopoteza kila kitu walikuwa wanafukua magunia, wanaosha mahindi kwa maji ya ndoo, wanayaanika kwenye turubai. Mama mmoja aliniuliza kama yatafaa. Punje zilikuwa zimevimba na zinanuka uchachu. Nilimwambia hapana, na sijui neno gumu kuliko hilo kumwambia mtu aliyelala nje. Kuta nazo zilitaka miezi kukauka, ila watoto walitaka kulala ndani usiku ule ule.

Siku hizi nikiitwa kujenga, nauliza kwanza mahindi yatakaa wapi. Nachora stoo ndogo nje ya vyumba, sakafu ya mbao iliyoinuliwa, magunia yasiguse ukuta. Kwenye jiko la kando namjengea mama mwenye nyumba kichanja juu ya moto na bomba la kutolea moshi, ili joto libaki na moshi uende. Mifuko isiyopitisha hewa inayouzwa sasa naipenda, mradi mahindi yawe yamekauka kweli. Ukifungia mabichi humo, umefungia na kuvu.

Kujua yamekauka, kuna njia ya chumvi. Unachukua chupa kavu ya soda, unatia punje robo ya chupa, unatia vijiko viwili vya chumvi kavu, unatikisa, unaacha robo saa. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, bado. Ikiteremka yote chini, weka ghalani. Mavuno yaliyopita mjukuu wangu, ambaye sasa yuko darasa la kwanza, aliichukua kazi hiyo akasema ni yake. Jioni moja jua lilikuwa limeshaingia kwenye wingu la mlima na mimi nilitaka kukunja turubai. Alitikisa chupa, akaiweka juu ya jiwe, akachuchumaa kuisubiri. Halafu akaileta karibu na macho yangu, akaizungusha taratibu ili nione ule weupe uliong'ang'ania kioo.

"Babu, imeshika."

Tukayatandaza tena kesho yake.